Kuendesha kalamu ya leza kwa umeme wa ukutani

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika skuli ya sekondari huku Wete, Pemba. Ninatumia kalamu ya leza nyekundu ya kawaida kuwaonesha wanafunzi namna mwanga unavyosambaa unapopita katika mwanya mwembamba. Kalamu hiyo hutumia betri tatu za vidonge aina ya LR44, nazo hudhoofika kabla vipindi vya wiki havijamalizika. Nyumbani ninayo adapta ya zamani ya redio iliyoandikwa volti 4.5, sawasawa na betri tatu. Je, naweza kuiunga moja kwa moja?

JIBU: Waalaykum salaam, Mwalimu. Usiiunge. Hesabu ya volti umeipiga vyema, lakini kinachoua diodi ya leza, yaani kile kijipande kinachotoa mwanga, ni mkondo unaopita ndani yake, na betri zile ndogo zilikuwa zikiuzuia mkondo huo kimyakimya kwa ukinzani wao wenyewe wa ndani. Ndani ya kalamu nyingi za bei nafuu hakuna kifaa chochote cha kudhibiti mkondo zaidi ya kikinza kimoja kidogo, kwa sababu mtengenezaji alijua kwamba vidonge vya LR44 havina nguvu ya kutoa mkondo wa kuunguza kitu.

Tufanye hesabu, maana wewe ni mtu wa hesabu. Diodi nyekundu ya nanomita 650 hushikilia takriban volti 2.2 inapowaka, na kwa kawaida huhitaji miliampia 25 hadi 35. Tuseme kikinza cha ndani ni cha omu 47. Ukiipa volti 4.5 zisizotikisika, mkondo utakuwa volti 2.3 kwa omu 47, yaani karibu miliampia 49, ambao tayari umezidi. Adapta yako, hata hivyo, haitatoa 4.5. Adapta za zamani zile nzito, zenye transfoma ndani, huandikwa volti zinazotoka pale zinapobeba mzigo kamili, na kwa mzigo mdogo kama huu si ajabu ukapima volti 6 au 7. Kwa volti 7 mkondo unafika miliampia 100 na zaidi. Diodi haitatoa moshi wala harufu: itang'ara kupita kiasi kwa kitambo kidogo, kisha itabaki na mwanga hafifu kama wa taa ya kawaida, na haitarudi tena kuwa leza.

Ninachokushauri ni chaja ya simu ya volti 5 iliyo nzima, pamoja na kikinza cha nyongeza. Kabla ya lolote, weka betri mpya, unga mita yako ya kupimia mkondo mfululizo na kalamu, na uandike mkondo unaosomeka. Namba hiyo ndiyo mpaka wako, kwa kalamu yako, na ni ya kuaminika kuliko namba yoyote nitakayoitaja mimi. Kisha unga chaja kupitia kikinza cha omu 100, pima, na ushuke kidogo kidogo: 82, 68, 56, hadi uukaribie mkondo ule bila ya kuuvuka. Katika mfano wangu, omu 47 za nje zikijumlishwa na omu 47 za ndani hutoa kama miliampia 30. Kikinza cha robo wati kinatosha. Upande wa chaja, kabla ya kikinza, weka kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kidogo) ya mikrofaradi 100 yenye uwezo wa volti 16 ili kutuliza mawimbi ya chaja. Usiiweke baada ya kikinza, kwani huko itaumwaga umeme wake wote ndani ya diodi pale mguso utakapolegea na kushika tena.

Ili kupitisha nyaya, chonga kijiti chenye kipenyo cha milimita 11 na urefu wa milimita 16, ambao ndio urefu wa vidonge vitatu, ukipigilie pini bapa kila ncha, na utoboe kifuniko cha nyuma. Kabla ya kuzitoa betri, tazama chanya imeelekea wapi, kwa sababu ukigeuza nyaya unaweza kuiua diodi papo hapo.

Lipo jambo ambalo hukuliuliza, nalo kwangu ni kubwa kuliko diodi. Bomba la chuma la kalamu huwa ni ncha mojawapo ya saketi, mara nyingi ile ya chanya, kwa hiyo anayeishika kalamu ameshika moja kwa moja kinachotoka katika chaja. Kinachomtenga na volti 230 za ukutani ni utengano uliomo ndani ya chaja hiyo, na katika chaja za bei ya kutupa utengano huo ni mwembamba mno. Chaja inayokusisimua vidole ukigusa chuma cha simu, au yenye plagi ya miguu miwili ambayo watu huilazimisha kwa kuchomeka kalamu ya wino katika tundu la juu la soketi, isiingie darasani. Baada ya kumaliza, livishe bomba lote mpira wa kuhami. Umeme ukikatika, chomoa. Usiiache kalamu ikingoja umeme urudi.

Benki ya umeme ya simu ingeondoa hofu hiyo kabisa, kwani nayo hutoa volti 5, ila nyingi hujizima zenyewe zinapoona mkondo ni mdogo kama huu. Ijaribu kwanza.

Kalamu hizi zimeundwa kubonyezwa kwa muda mfupi na hazina pa kutolea joto. Betri zilipokuwa zikichoka, kalamu ilikuwa ikipata nafuu, chaja haichoki. Kwa hiyo iwashe kwa dakika mbili tatu, kisha ipumzishe. Na kwa kuwa kitufe sasa utakifunga kwa kibanio ili kalamu ibaki ikiwaka, mwale hautazimika kidole kikiachia: uweke chini ya usawa wa macho ya wanafunzi waliokaa, na uishie kwenye ukuta usiong'aa. Leza iliyo chini ya miliwati 1 ndiyo inayofaa darasani.

Ukiwa na kalamu ya kijani, hesabu hizi usizitumie. Ile hutumia diodi ya infraredi ya nanomita 808 inayosukuma fuwele, huvuta mamia ya miliampia, na kama imekosa kichujio humwaga mwanga usioonekana unaodhuru jicho bila ya mtu kufumba.