Maswali ya Wasomaji: Gofu Baada ya Chuo

SWALI: Nimechezea timu ya chuo Marekani miaka minne, divisheni ya pili, na sasa nimerudi nyumbani. Hendikapu yangu (kipimo cha uwezo wa mchezaji) ni plus 1, yaani mkwaju mmoja bora kuliko kipimo cha kiwanja. Baba anataka niajiriwe, wenzangu wananihimiza niingie gofu ya kulipwa. Wiki iliyopita mzazi mmoja ameniomba nimfundishe mwanawe kwa ujira. Nianzie wapi? – K., Nyali

JIBU: Kaka K., anza na huo ujira: usiupokee kwanza. Kanuni za ridhaa bado zinakataza kulipwa kwa kumfundisha mtu gofu ana kwa ana, na ukishavuka mpaka huo, kurudi ni kwa maombi na kungoja. Mlango mwingine uko wazi. Tangu Januari 2022 mchezaji wa ridhaa anaweza kudhaminiwa, hata kulipwa kwa matangazo, na katika mashindano yasiyotumia hendikapu anaweza kupokea zawadi ya fedha hadi pauni 700 za Uingereza. Anayetaka kukugharamia safari, na akugharamie.

Sasa hiyo plus 1. Ni nzuri, lakini isikudanganye. Hendikapu hukokotolewa kwa raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho. Zile 12 nyingine hazimo. Mashindano ya kulipwa huhesabu zote. Na chuoni ulikuwa na kinga nyingine ambayo pengine hukuiona: wachezaji 5 wanatoka, alama 4 bora ndizo za timu. Siku uliyopiga 79 wenzako walikubeba, kesho yake ukaanza upya. Huku kwenye kulipwa, 79 ya Alhamisi inakurudisha nyumbani Ijumaa jioni. Anayekatwa baada ya mashimo 36, yaani siku mbili za kwanza, kwa kawaida haondoki na hata senti, na nauli, kedi na chumba ameshavilipia.

Chukua daftari. Andika raundi zako 20 za mwisho, za mashindano tu. Kwenye alama za kila moja punguza kipimo cha ugumu wa kiwanja (course rating) kilichoandikwa kwenye kadi ya alama, wala usitumie ile 71 au 72 ya kawaida (par), kwa sababu viwanja viwili vya 72 vinaweza kutofautiana kwa mikwaju kadhaa. Jumlisha, gawa kwa 20. Ukipata mkwaju 1 au 2 juu ya kipimo, hiyo ndiyo hali ya mwenye hendikapu kama yako, na bado uko mbali na kula kwa gofu. Ukipata sifuri au chini yake, hasa ukiwa umecheza viwanja vigeni, keti na baba mzungumze upya, daftari likiwa mezani.

Kando ya kila raundi andika upepo. Waliozoea kurusha mpira juu huteseka sana Pwani wakati wa kusi. Kosa lao ni kupiga kwa nguvu zaidi: mpira huzunguka kupita kiasi, hupanda, husimama hewani, kisha huanguka kabla ya grini. Chukua fimbo ndefu zaidi kwa namba moja au mbili, ishike chini kidogo, sogeza mpira nyuma kwa nusu ya upana wake, halafu piga kwa robo tatu ya mwendo wako, taratibu.

Ile njia ya PGA Tour University, inayowapeleka wachezaji bora wa vyuo vya Marekani kwenye gofu ya kulipwa, na iliyompa Ludvig Åberg kadi (haki ya kucheza) ya PGA Tour mara tu alipotoka Texas Tech mwaka 2023, ni ya divisheni ya kwanza peke yake, kwa hiyo iondoe kwenye hesabu. Ushauri wetu: pata kazi, baki ridhaa mwaka mmoja, ulijaze daftari. Na kazi isiyokutoa uwanjani ipo. Klabu na hoteli zenye viwanja, kuanzia Vipingo hadi Diani, zinahitaji watu wa kusimamia mashindano, nyasi na wageni, na shahada yako itakusaidia huko kuliko hendikapu.

SWALI: Mwanangu yuko kidato cha nne. Kocha wa chuo kimoja Marekani ameandika kwamba atampa ufadhili wa gofu. Nimwamini? – Mama wa Kisauni

JIBU: Mama, mwombe akuandikie tarakimu. Ufadhili wa gofu mara nyingi ni sehemu tu ya gharama. Uliza ni kiasi gani cha karo, kama chakula, malazi na bima vimo, na kama hudumishwa kijana akiumia. Uliza pia kuhusu masomo: timu nyingi hufanya mazoezi alasiri, na ndipo baadhi ya kozi za sayansi huweka maabara. Mashindano huenda siku mbili au tatu, mara nyingi mashimo 36 siku ya kwanza, na vipindi hupotea. Lakini kwa viza ya mwanafunzi lazima abebe mzigo kamili wa masomo, kwa kawaida krediti 12 kwa muhula. Akimaliza anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi ya fani yake kwa miezi 12. Maombi hufunguliwa siku 90 kabla ya kumaliza, na akiyachelewesha zaidi ya siku 60 baadaye, nafasi imepita.

SWALI: Tangu nitoke chuoni kiganja cha kushoto kinauma upande wa kidole kidogo kila nikipiga. Eksirei haikuonyesha kitu. – Dada wa Tudor

JIBU: Dada, acha kupiga mpira leo. Hapo chini ya kidole kidogo kuna mfupa uitwao hameti, wenye kinundu kilichopinda kama ndoana, na ncha ya mpini wa fimbo hukigonga kila fimbo inapochimba ardhi ngumu. Ufa wake hufichika kwenye eksirei ya kawaida; mwombe daktari picha ya CT. Kidole kidogo na cha pete vikianza kufa ganzi, usingoje miadi, kwa sababu mshipa wa fahamu unapita papo hapo.

Kisha tazama glavu yako ya zamani. Ikiwa imetoboka kwenye kisigino cha kiganja, fimbo ilikuwa ikitereza na kukusugua hapo. Ukipona, acha sentimita 1 hivi ya mpini ichungulie nje ya mkono, na ubadilishe mipini iliyolainika.