Usinunue Mfuko wa Sarafu za Kirumi, Nunua Moja Uliyoisoma

Tangu niweke picha ya dinari yangu mpya, sarafu ya fedha ya Roma ya kale, ujumbe haukatiki. Wengi wanauliza bei, na bei sisemi. Ila kijana mmoja aliyeko Sharjah kauliza la maana: "Kaka, na mimi nataka kuanza. Kuna mtu anauza mfuko wa sarafu za Kirumi ambazo hazijasafishwa. Ninunue?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba asinunue. Hapa najibu kwa kirefu, maana najua hayuko peke yake.

Dinari yenyewe ni ya Septimius Severus. Huyu alizaliwa mwaka 145 Leptis Magna, katika Libya ya leo, akatawala Roma kuanzia 193, na akafia York, Uingereza, mwaka 211. Mimi naishi mwendo mfupi wa treni kutoka hapo. Mwafrika mwenzangu, kafia kwenye baridi hii hii ninayoilalamikia kila mwaka! Upande mmoja ni sura yake na ndevu zake. Upande wa pili pameandikwa AFRICA, na mwanamke kasimama, kichwani kavaa ngozi ya kichwa cha ndovu, na simba yuko miguuni pake. Nilipoiona picha yake mara ya kwanza nikajua hiyo ndiyo yangu.

Kuipata lakini, weee. Katika maonyesho fulani ya sarafu muuzaji mmoja alikuwa nayo. Wazee waliokuwa mbele yangu walipewa trei, wakazishika, wakazigeuza, wakacheka naye. Ilipofika zamu yangu trei ikarudi chini ya kioo, na nikaulizwa kama natafuta zawadi ya mtoto. Sikubishana, niliaga nikaondoka. Lakini njia nzima nilikuwa naapa kwamba nitazijua sarafu za Severus kumshinda. Bado inaniuma, nisiseme uongo.

Basi nikasoma. Kuna hifadhidata ya bure mtandaoni, OCRE, yenye aina za sarafu za wafalme wa Roma pamoja na picha kutoka makumbusho mbalimbali. Usiku watoto wakishalala, mimi niko humo. Ndiko nilikojifunza kwamba Severus aliwaongezea askari mishahara, na dinari yake akaipunguza fedha hadi kama nusu, iliyobaki shaba. Kwa hiyo muuzaji anayekuapia kuwa dinari ya Severus ni "fedha safi" haijui bidhaa yake, au anaijua vizuri sana.

Kusoma huko ndiko kuliniokoa. Nilikuta sarafu niliyokuwa naitafuta kwa wauzaji wawili tofauti, na zote zilikuwa na mkwaruzo uleule shavuni. Sarafu za Kirumi zilipigwa kwa nyundo, moja moja, kwa mkono. Hata zilizotoka kwenye muhuri mmoja hazifanani ukingo, wala haziwezi kupata kovu moja mahali pamoja. Zikifanana hivyo, ni bandia, mara nyingi zimemiminwa kwenye kalibu. Tazama ukingo, utafute mshono. Tazama uso, utafute vitundu vya mapovu. Pima uzito, dinari ya Severus huwa gramu 3 na kitu.

Sasa mfuko. Kwa kawaida ni shaba za karne ya 4 zilizokwisha kuchambuliwa, nzuri zimetolewa zamani, na hakuna anayejua zilichimbwa wapi. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Mwaka 2010 bwana mmoja mwenye kifaa cha kutafutia metali alikuta mtungi shambani karibu na Frome, Somerset. Hakuufukua. Aliita wataalamu, wakauchimbua tabaka kwa tabaka, wakahesabu sarafu 52,503, zikiwemo dinari 5 adimu za Carausius, jemadari aliyejitangaza mfalme huku Uingereza. Angezitia mfukoni na kuziuza rejareja, historia yote hiyo ingepotea. Ndugu zangu, tuache haraka. Tunataka tuonekane wakusanyaji kabla hatujawa wasomaji, halafu tunalia tumetapeliwa.

Kwa hiyo dai karatasi. Muuzaji aliyeniuzia yangu alinipa risiti pamoja na nakala ya ukurasa wa mnada wa zamani ulioionyesha sarafu hiyohiyo. Ukinunua mnadani, kumbuka ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 au zaidi juu ya bei uliyoshinda. Shaba ikitoa unga wa kijani kibichi, itenge na nyingine, inaumwa. Na usisugue chochote.

Pa kuanzia ni shaba moja ya mfalme Constantine, yenye maandishi yanayosomeka. Si ghali. Chini kabisa upande wa nyuma kuna herufi za mji ilikopigwa: PLON ni London, SMANT ni Antiokia, ALE ni Alexandria. Yangu ya kwanza ilikuwa ya Alexandria, na siiuzi.