Jani la nyanya likigeuka njano, usikimbilie folia

SWALI: Daktari, habari ya kazi. Nina nusu ekari ya nyanya, miche zaidi ya elfu tatu, huku Bahati, Nakuru, na hii ni wiki ya tisa tangu nipandikize miche. Nilipandia mbolea ya DAP, nikaongeza mbolea ya CAN mara mbili. Majani ya chini yamegeuka njano, mengine yana madoa ya kahawia, na hiyo njano inazidi kupanda juu. Mistari ya karibu na ua ndiyo imeumia zaidi, na upande wa pili wa ua jirani ana viazi. Kijana wa agroveti aliniuzia folia, ile mbolea ya kupuliza majani, nikapuliza mara tatu, kila mara pampu sita za lita 20, gramu 50 kwa pampu. Juzi akaniongezea dawa mbili za ukungu, akasema nichanganye zote na folia kwa pampu moja. Sioni tofauti. Niongeze kipimo au nibadilishe folia? Picha za majani na za chupa nimekutumia. – Mama mkulima, Bahati

JIBU: Mama, usiongeze na usibadilishe. Hiyo folia iache kabisa.

Swali lako ni la nne la aina hii wiki hii, na yote manne yanaanza vilevile: jani limekuwa njano, nikauziwa folia. Sijui ni nani aliyewafundisha watu kwamba njano maana yake ni njaa. Njano ni kama homa kwa mtoto. Yaweza kuwa malaria, yaweza kuwa mafua tu.

Nimeikuza picha yako ya pili. Doa lina miviringo ndani, mmoja ndani ya mwingine, kama gogo la mti lililokatwa kwa msumeno, na njano imelizunguka doa. Hiyo ni blaiti ya mapema, ukungu ambao huishi kwenye mabaki ya mazao na udongoni, kisha tone la mvua likigonga ardhi linaurusha hadi jani la chini. Ndiyo maana umeanzia chini. Mmea ungekuwa na njaa ya naitrojeni, jani zima lingepauka pamoja na mishipa yake, bila madoa, na ungeiona hali hiyo shamba zima karibu sawasawa. Wewe mwenyewe umeandika kwamba mistari ya karibu na ua ndiyo imeumia zaidi. Njaa haichagui mstari wa karibu na ua.

Picha ya nne ni jambo jingine. Jani la zamani, mishipa bado ni kijani, katikati ya mishipa ni njano. Hapo mmea unakosa magnesiamu, na huonekana sana matunda yanapoanza kunenepa kwa sababu mmea huivuta kutoka majani ya zamani na kuipeleka kwenye machanga. Kama ingekuwa chuma kinakosekana, njano hiyohiyo ya katikati ya mishipa ingeanzia majani machanga ya juu. Kwa hiyo una mambo mawili kwenye shamba moja, na folia uliyouziwa haitibu hata moja. Lebo yake nimeisoma: ni 20-20-20, yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu, asilimia 20 kila moja. Magnesiamu haimo.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa mchana. Ulitia gramu 50 kwa pampu ya lita 20, ukapuliza pampu sita. Hiyo ni gramu 300 za unga, na asilimia 20 yake ni naitrojeni: gramu 60. Gramu 60 kwa nusu ekari nzima! Kisoda kimoja cha CAN ni kama gramu 5, na ndani yake mna naitrojeni gramu 1 na nukta 3. Yaani ulichopuliza kwa siku moja nzima, mgongo ukiuma, ni sawa na visoda 46 vya CAN. Wewe una miche zaidi ya elfu tatu. Naitrojeni hulishwa mizizi. Jani linaweza kunywa vile vitu ambavyo mmea unavihitaji kidogo tu, kama zinki na chuma, na magnesiamu kwa dharura. Chakula kikuu hakiwezi kupita huko kwa kiasi cha kutosha.

Sasa hizo chupa mbili. Chini ya jina la dawa, kwa herufi ndogo, huandikwa kiungo chenyewe kinachoua ukungu. Nimezisoma zote mbili. Kiungo ni kilekile! Majina ni tofauti, rangi ya lebo ni tofauti, kampuni ni tofauti, dawa ni moja. Ulipuliza kipimo maradufu ukidhani umepuliza dawa mbili. Na ukungu ukipigwa kwa kiungo kilekile kila wiki, wachache wanaosalia ndio wanaozaana, mpaka siku moja dawa inakuwa maji. Mwenye kuuza hawezi kusema hakujua, kusoma lebo ndiyo kazi yake.

Kuhusu kuchanganya kila kitu kwa pampu moja, nitakwambia nilichokiona mwaka jana kwa mkulima upande wa Subukia. Alitia folia yenye fosforasi, juu yake kalsiamu, kisha dawa ya ukungu na ya wadudu. Alipofungua pampu kuongeza maji, ndani mlikuwa na mabonge kama maziwa mala. Kalsiamu na fosforasi zikikutana hushikana, zikawa mabonge yasiyoyeyuka, na chujio la pampu likaziba. Alikuwa amepuliza nusu shamba maji matupu, na nusu nyingine ikapata kila kitu kwa mkupuo, majani yakaungua kingo. Wiki iliyofuata akauziwa folia ya kutibu kule kuungua. Kama ni lazima kuchanganya, jaribu kwanza kwenye chupa ya maji inayoonyesha ndani, tikisa, acha nusu saa. Ikiganda, ikitoa povu jingi au ikipata moto, mwaga.

Kazi yako ya wiki hii ni makasi. Kata majani yote yanayogusa ardhi na yenye madoa, hadi futi moja kutoka chini, siku ya jua wala si asubuhi yenye umande. Yatoe shambani uyachome au uyazike, usiyaache kwenye mfereji. Fungia miche kwenye miti isimame, tandaza nyasi kavu chini ili tone la mvua lisirushe udongo, na kama unamwagilia kwa mpira juu ya majani, acha, mwagilia shinani. Baada ya hapo ndipo dawa ya ukungu ina maana: moja tu, kwa kipimo cha lebo, na awamu inayofuata iwe ya kiungo tofauti. Hesabu pia siku za kungoja kabla ya kuvuna zilizoandikwa pale. Una matunda yanayokaribia kuiva, na anayeyanunua soko la Wakulima pale mjini hana njia ya kujua ulipuliza jana. Kwa magnesiamu, nunua salfeti ya magnesiamu, gramu 200 kwa lita 20, pulizia jioni, rudia baada ya siku kumi. Njano iliyokwisha kuingia haitarudi kijani; wewe angalia majani mapya.

Umesema jirani ana viazi upande wa pili wa ua. Vikague navyo, kwa sababu blaiti ya baridi, ile inayoacha utando mweupe chini ya jani asubuhi, huruka kutoka kwenye viazi hadi nyanya kwa siku chache tu. Na msimu ujao usirudishe nyanya hapo, wala pilipili, wala biringanya, wala managu. Managu wengi huisahau kwa kuwa ni mboga ya nyumbani, lakini ni ukoo mmoja na nyanya.

Udongo upimwe kabla ya msimu ujao. DAP ya miaka mingi huongeza asidi, na udongo wenye asidi huwa na magnesiamu haba. Nyanya inataka pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo, kati ya 6 na 6.8. Chukua udongo sehemu 15 hivi ukitembea kwa zigizaga, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki, peleka nusu kilo. Maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, kule Kabete hupima. Usitie kwenye gunia lililokuwa na CAN. Niliwahi kuletewa sampuli ya hivyo, majibu yakasema shamba la huyo mzee lina utajiri wa naitrojeni kuliko kiwanda.

Na wale wanaopita na bodaboda wakiuza dawa kwenye chupa ya soda, ati imetoka kwa wazungu wa maua kule Naivasha, usiwafungulie geti. Dawa halali ina lebo na namba ya usajili wa PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za kilimo. Isiyo na lebo huwezi kujua kipimo chake, huwezi kujua siku za kungoja, na mtoto akiinywa, daktari hospitalini hajui aanzie wapi.

Ukishakata majani, nitumie picha nyingine, ila safari hii geuza jani upige upande wa chini, asubuhi kabla umande haujakauka.