Kwa mnaokuja uwanjani na ndege mpya ndogo za rimoti

Jumamosi iliyopita mmoja wenu alichomeka betri kwenye ndege, ndipo akaanza kuitafuta rimoti ndani ya begi. Propela imefungwa, ndege iko mapajani. Nikampigia kelele, akacheka. Wiki moja kabla yake nilimpigia mwingine kelele hizo hizo. Basi naandika, koo lipumzike.

1. Rimoti iwake kwanza, betri ya ndege baadaye. Kuzima ni kinyume chake. Ukifanya setingi nyumbani, vua propela; vidole havina spea.

2. Betri ya 3S, yaani ya seli tatu, ikijaa inasoma volti 12.6. Ukikuta 11.1 usiniambie "itatosha raundi moja." Na betri iliyovimba hairuki, hata kama bado unadaiwa pesa ya kuinunulia.

3. Kitovu cha uzito, pale ndege inapokaa sawa ukiiinua kwa vidole, kipimwe betri ikiwa ndani, pale pale itakapokaa hewani. Kwa trena nyingi, ndege za kujifunzia, ni kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, lakini kitabu cha ndege yako ndicho chenye neno. Kuna kijana alipima vizuri mezani, kisha uwanjani akaisukuma betri nyuma ili kifuniko kifunge. Mkia ukawa mzito, eleveta, kile kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, ikawa kali ajabu, na ndege ikaishia kwenye mwiba. Mti upo, mkitaka kuuona.

4. Mwelekeo wa eleroni, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyolaza ndege kulia au kushoto. Hapa mniwie radhi, nitakaa kidogo.

Mwenzetu mmoja alijenga ndege ya balsa, mbao nyepesi, kwa mikono yake, mbavu moja moja, akaniomba niirushe safari yake ya kwanza kwa sababu mimi ndiye mzee wa uwanja. Tuliiunganisha na rimoti yangu, nikaitengenezea memori yake, yaani setingi zake ndani ya rimoti, kila kitu sawa. Wakati gundi ya mwisho inakauka nikarusha ndege yangu mwenyewe. Niliporudi kwenye ya kwake sikubadilisha memori, na rimoti za aina ile hazikujua zinaongea na ndege gani. Kwenye ndege yangu servo za eleroni, vile vimota vinavyozisukuma, zilifungwa kinyume. Nikatikisa vijiti, nikaona kila kitu kinacheza, nikasema, "Zinacheza, twende."

Ikanyanyuka. Upepo ukalaza bawa la kushoto kidogo, nikatoa kulia. Likalala zaidi. Nikaongeza kulia. Bawa likagusa nyasi hata bismillah sijaimaliza.

Hilo ningelisamehe. Lakini aliponiangalia, nikamwambia, "Ni upepo." Akaokota mbao zake bila neno. Usiku nikawasha rimoti, na pale kwenye kioo kuna jina la ndege yangu. Sikumpigia simu. Akajenga nyingine, akaiwekea mota kubwa na ya bei mbaya, ili ishinde upepo. Ndipo nikamwambia, nikiwa nimeangalia viatu vyangu. Mota nilimlipa. Mazungumzo yetu yalichukua muda zaidi kurudi.

Kwa hiyo "zinacheza" sitaki kuisikia. Simama nyuma ya ndege, soma jina lililo kwenye kioo kwa sauti. Kijiti kulia: eleroni ya kulia inapanda, ya kushoto inashuka. Vuta: eleveta inapanda. Fanya hivyo kila unapounganisha betri, hata kama umetua sasa hivi.

5. Jaribu umbali ambao rimoti inafika, kwa nguvu ndogo kama kitabu kinavyosema, kisha mtu aishike ndege uzime rimoti: mota isipokata, hurushi.

6. Vuta kila bawaba kwa vidole. Ikitoka mkononi mwako, shukuru.

7. Mambo ya kibali na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, muulizeni katibu, mimi ni wa bisibisi.

8. Watoto watakuja, na watasimama mbele ya propela. Wapangeni nyuma yenu kabla hamjachomeka chochote. Watauliza kama inabeba mtu. Jibuni mkishatua.