Nasinzia nikisali, na mwenzangu anasema ndiyo sababu korosho zangu zimeshuka daraja

*Shikamoo, Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, Mkatoliki, naishi wilayani Masasi. Tangu msimu wa korosho uanze naamka saa kumi alfajiri, na usiku nikipiga magoti kusali rozari, usingizi unanichukua kabla sijamaliza tendo la pili. Jumuiyani, kwenye kikundi chetu cha sala cha Wakatoliki majirani, sijaonekana Jumamosi tatu. Mzigo wetu wa mwisho ulinyeshewa, ukapokelewa ghalani kuwa daraja la pili, na mwanajumuiya mwenzangu akaniambia mbele za watu kwamba hayo ndiyo malipo ya kupuuza sala. Adhana ya alfajiri ikilia naona haya, maana majirani zangu Waislamu wanasali mara tano kwa siku na mimi hata mara moja inanishinda. Je, bado mimi ni Mkristo? Mama Mchovu.*

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na korosho, kwa sababu naona ndizo zilizokuumiza zaidi, ingawa umezitaja katikati ya barua kana kwamba ni jambo la kupita. Korosho hushuka daraja kwa unyevu na kwa kuanikwa pungufu, na mvua inaponyesha haiulizi ni turubai la nani limetandazwa uani. Kama sala peke yake ingetosha kulinda mikorosho, wanajumuiya wote wangeacha kununua salfa ya kupulizia ugonjwa wa ubwiri unga, na sijasikia hata mmoja aliyeacha, akiwemo huyo mwenzako. Katika sura ya 13 ya Injili ya Luka, Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, kisha anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Aliyekusema hadharani alipaswa kuisoma sura hiyo kabla ya kufungua kinywa.

Sasa tuje kwenye usingizi. Mtu aliyekuwa shambani tangu alfajiri, akainama chini ya mikorosho kuokota, akakaa mchana kutwa akinyofoa korosho kwenye mabibo hadi vidole vikanata kwa maji yake, akapika, akaogesha watoto, halafu akapiga magoti saa nne usiku, huyo akisinzia hajamkosea Mungu heshima. Amechagua saa mbaya tu. Wewe umeipa sala masalio ya siku, kisha unajilaumu kwa kuwa masalio hayatoshi.

Unaishi wilaya moja na abasia ya Ndanda, ambako Wabenediktini walifungua misheni mwaka 1906, na nadhani umewahi kupeleka mtoto katika hospitali yao au walau kusikia kengele yao. Watawa hao wanasali kwa saa zilizopangwa, lakini pia wamekuwa na karakana, mashamba na kazi ya uchapaji. Mtakatifu Benedikto, aliyewaandikia kanuni katika karne ya 6, aliagiza kwamba ndugu walio kazini mbali, wasioweza kufika kanisani kwa wakati, wapige magoti palepale wanapofanyia kazi. Aliagiza pia kwamba sala iwe fupi na safi, isipokuwa pale neema ya Mungu inapomsukuma mtu kuirefusha. Hayo aliwaambia watu walioacha kila kitu kwa ajili ya sala, wasio na watoto wanne wala mzigo wa kuwahisha ghalani, kwa hiyo sioni kwa nini wewe udaiwe zaidi yao.

Hata hivyo, mwanangu, usije ukakimbilia upande wa pili na kusema, kama wengi wasemavyo, kwamba kazi yenyewe ni sala na yatosha. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi, na mara nyingi hutoka kwa mtu ambaye hajasema na Mungu tangu Pasaka. Ndugu yule wa Benedikto alipiga magoti shambani kwa sababu saa ya sala ilikuwa imefika na yeye aliijua. Bila saa hiyo, angeendelea kulima tu. Nawe unahitaji saa yako, iwe fupi na iwe ileile kila siku.

Saa hiyo unayo tayari, ila unaionea haya. Adhana inapolia umeshawasha moto na unasubiri maji yachemke. Ifanye iwe kengele yako. Jirani yako anapoelekea msikitini, wewe keti kwenye kigoda, sema Baba Yetu polepole, ukitua kwenye kila ombi, hasa lile la mkate wa kila siku, kwa kuwa wakati huo ndio unaoupika. Mchana, ukiwa kwenye mabibo, chukua maneno ya yule mtoza ushuru, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi", uyaseme pale yanapokujia, bila kuhesabu. Rozari ihamishe kabla ya chakula cha jioni, tendo moja tu, na watoto waitikie. Mkubwa aongoze siku ambayo sauti yako imechoka. Usiku ukifika, jifanyie ishara ya msalaba na ulale.

Msimu ukiisha utaongeza, kwa kuwa mwezi Machi hutakuwa na udhuru huu.

Kuhusu jumuiya, Jumamosi hii nenda, hata kama utafika wakati wa wimbo wa mwisho na nguo ikiwa na madoa ya mabibo. Mwenzako akirudia maneno yake, usibishane naye pale. Mwombe mwenyekiti mkae watatu baada ya sala. Na kama mvua imetanda siku hiyo, anua korosho kwanza, ndipo uende.