Geji ya mafuta ikidanganya, muulize jirani yake kwanza

Land Rover yangu, Series III fupi ya petroli, iliniishia mafuta njia ya Makuyuni saa nane mchana, mshale umetulia kwenye robo kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilichomeka kijiti tangini kikatoka kikavu.

Fundi wa kwanza hakuuliza kitu. "Floti imekufa hiyo, kaka." Nikanunua floti mpya, kile kipimo chenye boya ndani ya tangi kinachoiambia geji mafuta yamebaki kiasi gani, akafunga, nikamlipa. Nikatia lita tano tu, makusudi. Mshale ukapita robo na kuendelea kupanda.

Kinachoniuma ni kwamba jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Kwa miezi kadhaa geji ya temperecha nayo ilikuwa ikikaa juu. Nilishabadilisha thamostati na kuosha rejeta, injini yenyewe haina hata dalili ya kuchemka. Sikuwahi kufikiri kwamba geji mbili zinaweza kuugua ugonjwa mmoja.

Kwenye gari hizi, geji ya mafuta na ya temperecha zinapata umeme kupitia kidude kimoja nyuma ya dashibodi, stabilaiza. Kazi yake ni kuzipa geji kama volti 10, betri iwe na 12 au alteneta isukume 14. Ile ya zamani haitoi umeme mfululizo: inakata na kurudisha, inakata na kurudisha, kwa hiyo ukiipima kwa taa ya kupimia, taa inapepesa. Yangu iliwaka moja kwa moja, haipepesi. Basi geji zote mbili zilikuwa zinalishwa umeme zaidi ya haki yake. Ndiyo maana mshale ulikuwa ukipanda kidogo kila nikiwasha injini, jambo nililoliona kila asubuhi nikalipuuza.

Stabilaiza yenyewe ilikuwa nzima. Inategemea ethi, yaani kuungana kwa umeme na bodi ya gari, kupitia ganda lake, na mtu aliyepaka rangi kabla sijainunua gari alipaka hadi pale inapofungwa. Nilikwangua kwa msasa mpaka bati likang'aa, nikakaza skrubu. Dakika kumi, na robo saa ya kutafuta skrubu iliyodondoka.

Kwa hiyo kama geji zote mbili zimepotoka, usiguse tangi. Kama ya temperecha iko sawa na ya mafuta peke yake ndiyo imelala chini, hapo nenda kwenye floti. Kwenye Land Rover fupi kama yangu, inayoitwa 88, iko chini ya kiti cha dereva: toa mto, fungua bati, utaiona juu ya tangi. Zima swichi, chomoa waya wa kijani wenye mstari mweusi, uguse kwenye bodi safi ya gari, kisha mwenzako awashe swichi. Mshale ukipanda polepole kuelekea kujaa, geji na waya ni wazima. Ubaya uko kwenye floti au ethi ya tangi. Usipotikisika, fuata waya. Ukifika juu zima mara moja, geji hizi zinafanya kazi kwa joto na zinaweza kuungua. Fanya haya yote floti ikiwa bado imefungwa, kwa sababu cheche na tundu wazi la petroli havikai pamoja. Ukifika hatua ya kuitoa, chomoa betri kwanza, na yule jamaa wa sigara anayependa kuchungulia aondoke.

Floti ikiwa nje, ipime ohm (ukinzani wa umeme) huku ukiinua boya taratibu. Namba ishuke bila kurukaruka kadiri boya linavyopanda. Litikise pia karibu na sikio. Likichakachaka, limeingiwa petroli na litakuwa linazama.

Ile floti ya zamani niliipima baadaye. Nzima kabisa. Iko kwenye boksi la spea, na kijiti cha Makuyuni nimekichonga alama kila lita tano, kinalala nyuma ya kiti.