Jibu: Boston waligeuzaje 3-0 mwaka 2004?

Salaam, ndugu. Umeuliza Boston Red Sox, waliokuwa nyuma kwa michezo 3-0 dhidi ya New York Yankees Oktoba 2004 na waliofungwa 19-8 katika mchezo wa tatu, waliwezaje kushinda minne mfululizo na kupita, kwani mshindi ni wa kwanza kufikisha ushindi wa michezo minne, jambo ambalo hakuna timu ya besiboli ya ligi kuu iliyokuwa imewahi kulifanya.

Anza kwa kutazama zamu ya tisa, ya mwisho kwa kawaida, ya mchezo wa nne. Yankees wanaongoza 4-3, na mrushaji wao ni Mariano Rivera, ambaye ni nadra kupoteza uongozi. Kevin Millar wa Boston anapewa kituo cha kwanza baada ya mirusho minne mibaya. Dave Roberts anaingia kukimbia badala yake na, ijapokuwa uwanja mzima unajua atajaribu, anaiba kituo cha pili, yaani anakikimbilia wakati mrushaji anarusha, bila kungoja pigo la mwenzake. Akiwa hapo, pigo la kawaida la Bill Mueller linatosha kumfikisha nyumbani, kituo cha mwisho kinacholeta pointi, na kusawazisha. Bila wizi ule, pigo lilelile huenda lisingezaa kitu.

Mpigaji wa Boston David Ortiz alimaliza mchezo huo kwa pigo la ushindi katika zamu ya nyongeza ya 12, na wa tano katika zamu ya 14. Soksi yenye damu ya Curt Schilling, mrushaji wa Boston aliyecheza akiwa na jeraha la kifundo cha mguu, katika mchezo wa sita husifiwa zaidi, nadhani kupita kiasi. Mchezo wa saba, uliokwisha 10-3, haukuwa na mashaka.